Ulikuwa Ukiwaambia Nini Walimu?

Baba Asya,

Huna haya. Tangu Ramadhani hujanitokea usingizini hata mara moja. Nalala upande wangu, upande wako nimekuachia, foronya nimeifua, na bado huji. Halafu dada yako ananipigia simu kutoka Wete anajisifu, ati umemjia mara mbili, umekaa barazani kwake, umeomba kahawa. Wete unaijua njia, Lozells, nyumbani kwako mwenyewe, umepotea? Nimekufulia miaka arobaini na ushei, nimekukanda mgongo kwa mafuta ya mkarafuu mpaka mikono yangu ikawa inanuka duka la dawa, halafu kahawa unakwenda kuomba kwa dada yako! Haya.

Basi kama huji, nakuandikia. Naandika kwa herufi za chuoni, za msahafu, ndizo nizijuazo, maana skuli mie sikutiwa, na hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Asya hazisomi, Khamis hazisomi, kwa hivyo humu nasema nitakavyo. Nina hasira. Nina hasira na Asya, na skuli, na nafsi yangu, na weye khasa.

Asya kahama. Kapata kazi ya uuguzi katika hospitali ndogo huko karibu na Wales, kijijini, mahali ambapo treni yenyewe inasimama kama imelazimishwa. Nasra kaenda naye. Najua, ni mama yake, lakini mtoto yule kalelewa na mie na weye tangu ana siku arobaini. Ile njia mliyokuwa mkienda asubuhi, weye umembebea mkoba kama mtumishi wake, sasa naipita peke yangu, na yule Mbangali wa duka la samaki kila siku ananiuliza, "Bibi mdogo yuko wapi?" Kila siku. Namjibu yuko skuli. Sasa hapo nimemjibu nini?

Wakaniambia nihame nao. Nikakataa. Nani atakuja kukusomea Ijumaa? Khamis? Khamis kutoka Castle Vale, basi moja tu, mpaka kaburini kwako anahesabu kama anakwenda Hija.

Lakini skuli ilipokaribia kufunguliwa, mwezi wa tisa, nikapanda treni nikaenda. Kwa sababu yako. Unakumbuka kule hospitali, ulinishika kidole ukasema, "Mwaka huu Nasra umkabidhi weye." Nikakwambia, "Utamkabidhi mwenyewe, wacha uvivu." Ukacheka mpaka ile mashine ikaanza kulia, nesi akaja mbio. Hukusema kingine cha maana siku ile. Na mimi nilisema ndiyo, ulikuwa umeshafumba macho lakini nilisema.

Maana kukabidhi ilikuwa kazi yako. Asya, Khamis, na wale wawili walioko Dubai, na kisha Nasra, kila mwaka mpya, kila mwalimu mpya, weye ndiye uliyeingia. Unamshika mtoto mkono, unautia mkononi mwa mwalimu, unainama, unamnong'oneza maneno yako, mwalimu anacheka, mtoto anaingia. Mie nasimama getini na mtandio wangu nimeukamata kwa meno. Naogopa kuingia. Nilikuwa nahisi wakiniona tu watajua sijasoma, kama vile imeandikwa usoni, na wao si wanajua kusoma?

Sasa nikwambie habari ya skuli yenyewe. Baba Asya, nimetoka shamba Pemba nikaja mjini kwa ajili yako, na sasa mji umenirudisha shamba. Stesheni nimepokewa na harufu ya mavi ya ng'ombe, nikasema alhamdulillahi, angalau hii naifahamu. Watoto wa skuli nzima hawatimii hamsini. Wa miaka saba anakaa chumba kimoja na wa miaka tisa. Basi dogo linazunguka mashambani kuwaokota. Wote wanajuana, mama zao walisoma hapo hapo, bibi zao walisoma hapo hapo. Asiyejulikana ni Nasra wetu peke yake, kavaa sweta la kijani linamfika magotini kwa sababu Asya anasema atakua.

Nilikaanga visheti. Hukumbuki jinsi mtoto akitiwa chuoni huendi mikono mitupu? Watoto wenziwe wakila kitamu cha kwao, hawamfukuzi. Nikajaza ndoo, nikafunika kwa kitambaa cheupe. Pale mlangoni mama mmoja mwenye funguo nyingi shingoni akanirudishia, ati hawapokei chakula kilichopikwa nyumbani, hawajui ndani mna nini. Mna unga! Mna sukari na samli na iliki! Nikamwambia Nasra amwambie. Nasra akaniambia, "Bibi, please." Uso umemwiva.

Hapo nikapandwa. Nikasema leo sisimami getini. Nikapita. Mwalimu wake nilimkuta uwanjani, mwanamke mrefu kavaa viatu vya mpira vya matope, mcheshi, simsingizii. Nikamshika Nasra mkono, nikautia mkononi mwake kama ulivyokuwa ukifanya, na nikasema maneno. Maneno ninayoyajua mie ni yale aliyoyasema baba yangu aliponipeleka chuoni. "Nyama yako, mifupa yangu." Nikamwambia Nasra, fasiri.

Akafasiri. Mtoto ana Kiingereza kizuri, alifasiri neno kwa neno.

Nilimwona yule mwalimu kicheko kinamtoka usoni kama maji yanayomwagwa. Akamtazama Nasra mikono, akamtazama shingo. Akaniambia asante. Siku ya pili Asya akapigiwa simu kazini, tunatakiwa skuli, mie na yeye.

Tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yangu yako kidevuni. Mwalimu mkuu na daftari. Na simu mezani, ndani ya simu mna mfasiri, kijana wa Kikongo, masikini, sijui yuko wapi, nyuma yake nasikia mtu anaosha vyombo. "Mama, shikamoo. Mama, wanauliza hivi: kwenu munapigaka mutoto?" Nikasema hatumpigi. "Sasa Mama, ile nyama ni nyama gani? Niseme ni nyama ya kweli ao ni methali?" Nikamwambia mwanangu, waambie ni maneno ya kumkabidhi mtoto, mzazi anamwambia mwalimu mfundishe utakavyo, hata ukimtia bakora, ila mifupa unirejeshee. "Mama," kijana akasema pole pole, "hiyo ya bakora niiseme?"

"Sema!" nikamwambia. Mie na kuficha wapi na wapi. Wakauliza kama nimewahi kumpiga mtoto yeyote. Nikasema, huyu hapa Asya, kwa kandambili, siku alipotupa dawa za baba yake chooni, na alistahili. Asya akajifunika uso kwa mikono miwili.

Na hapo, Baba Asya, nimekaa kwenye kile kiti cha mtoto, ndipo jambo lilipoingia. Unalijua kovu langu la muundini, chini ya goti. Kila mtu namwambia ni jembe. Weye tu ndiye nimekwambia ni mwalimu wa chuo, juzuu ya pili, nilikosea mahali, na baba yangu alipoliona alisema, "Si nilishasema? Nyama yake." Sikurudi tena. Kusoma kwangu kukaishia hapo, herufi hizi ninazokuandikia na kidogo zaidi. Maisha yangu yote nimeyabeba yale maneno nikidhani ni adabu. Nyama ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa yangu! Na mie, bibi mzima, nimepanda treni mpaka Wales kwenda kuigawa ya Nasra.

Wale wa skuli waliandika, wakafunga daftari, wakasema wamefahamu, ni mila. Walinipa chai. Isingekuwa hasira ningeinywa.

Kwenye gari Asya akasema, "Mama, usije tena skuli. Sikwambii kwa ubaya. Mimi ni mgeni hapa, na mtoto ni mgeni, na kila mtu kijiji hiki keshajua." Nikamwambia baba yako ndivyo alivyokuwa akikabidhi. Akapunguza mwendo, kondoo walikuwa wanavuka. Akasema, "Baba hakusema neno la nyama hata siku moja."

"Alisema nini basi?"

"Sijui, Mama. Mie nilikuwa nalia. Namkumbuka mwalimu tu, anacheka, ananishika vizuri."

Nimempigia Khamis. Hajui, anasema ulikuwa unasema chini kwa chini. Nimepiga Dubai. Mmoja anadhani ulikuwa unataja jina lake lote mpaka la babu wa tatu. Mwengine anasema ulikuwa unafanya mzaha, lakini mzaha gani hajui. Watoto wanne, na mke, hakuna aliyesikia! Kiingereza chako chenyewe cha kuokoteza, ulichojifunzia kwenye kiwanda cha vyuma, uliwaambia nini watu wale hata wakacheka na watoto wangu wakaingia bila kuogopa?

Hilo nalo si kubwa. Kubwa ni hili. Siku ya kuondoka nilikuwa namsuka Nasra. Unajua yule kila ukimwambia neno la Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, tumeshazoea. Nimefika msuko wa tatu, akasema kwa Kiswahili, sawasawa, kama aliyekuwa akikiweka akiba:

"Bibi, kwa nini ulimpa nyama yangu?"

Mkono wangu ulisimama na kitana. Nimewahi kujibu watu wa uhamiaji, nimejibu madaktari wako, nimemjibu dada yako. Yule mtoto nikamwambia nimekosea. Akasema, "Nyama yangu ni yangu." Nikasema ndiyo, mama, ni yako. Nilipomaliza hakuniegemea kama anavyoniegemea siku zote. Akenda kuvaa viatu.

Stesheni hakunipa mkono. Aliniangalia tu na lile sweta lake.

Sasa niko hapa Lozells, na hasira zangu na ndoo ya visheti nusu, nyingine nimempa yule Mbangali. Asya kalegea kidogo. Anasema skuli itafungwa wiki moja mwezi huu, na ikifunguliwa naweza kwenda, mwalimu mwenyewe kaniulizia. Lakini sharti nimwambie Asya mapema nitasema nini.

Nitasema nini?

Kwa hivyo nakuahidi: nitakwenda. Nitamshika Nasra mkono akikubali kunipa, na asiponipa nitasimama kando yake. Sitamtoa tena kwa mtu, si nyama, si mfupa, si ukucha. Nitamkabidhi kwa mwalimu kama ulivyotaka, kwa maneno yako, si ya baba yangu. Na Ijumaa nitakuja kwako kama kawaida, nikung'olee yale majani, nikusomee. Mungu akunyooshee huo mgongo uliokuwa ukikuuma, na akupe mahali pa kukaa pasipo na baridi, maana baridi hukuipenda hata kidogo.

Ila weye uje kwangu kwanza, kabla skuli haijafunguliwa. Usipite Wete, kahawa ninayo. Usisimame mlangoni, upande wako wa kitanda ni huo huo. Kaa, uniambie lile neno ulilokuwa ukiwaambia walimu. Na safari hii, Baba Asya, usinong'one.