Mwajuma Alivyoacha Nivo Zake Zote

Jumapili, mvua

Mvua ilianza wakati tunatoka misa, na mpaka alasiri hii bado inapiga mabati hapa Kigobe. Umeme upo. Mvua na umeme kwa pamoja, katika mji huu, ni bahati ambayo mtu haichezei. Nimekaa na kompyuta tangu baada ya chakula.

Macho yangu yamevimba kidogo, lakini moyo umetulia. Ngoja niandike kabla sijasahau mambo yalivyokwenda.

Tangu baba yake Mwajuma afariki, mimi na Mwajuma tulikuwa tumeshindwa kuongea. Yeye yuko Ubelgiji, anahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Karatasi zake hazijakamilika. Akitoka, hawezi kurudi. Mzee Ramazani alizikwa Buyenzi siku ileile aliyofariki, na binti yake aliyaona maziko kwenye simu iliyoshikwa na binamu, picha ikikatika kila wakati. Mimi nilikuwa uani pamoja na akina mama. Baada ya hapo kila nikimpigia nasema pole, yeye anasema asante, halafu tunabaki tunasikilizana pumzi. Mwisho anasema kazi inamwita.

Rafiki yangu wa tangu lise, tangu sekondari, na sikuwa na neno la kumpa.

Wiki hii nikamwandikia: njoo tucheze, kama zamani.

Zamani ilikuwa saiba ya Buyenzi, chumba cha kompyuta za kulipia, kilichopakana ukuta mmoja na gereji ya baba yake. Mwajuma ndiye aliyenifundisha ule mchezo wetu wa kwanza wa kompyuta. Ulikuwa mchezo wa kupanda tu. Unaingia ukiwa nivo ya kwanza, ngazi ya chini kabisa, na fimbo na shati lililochanika, unatupwa kwenye kinamasi kilichojaa nguruwe pori. Unamuua mmoja, unangoja azaliwe upya, unamuua tena. Mchana mzima unaisha ili mstari mdogo wa kijani chini ya kioo usogee upana wa ukucha. Ukijaa, umepanda nivo. Halafu unaanza tena na nguruwe wakubwa zaidi.

Mzee Ramazani alikuwa akipita na mikono yake myeusi kwa mafuta ya gari, anachungulia mlangoni.

"Hawa wanyama, munawaua tu?"

"Tunawaua tu, baba."

"Aya. Afazali muwaue. Lakini musiwakule!"

Na saiba nzima inacheka, Waislamu na Wakristo.

Watu wanaoandika kuhusu michezo siku hizi wanasema ule ulikuwa upotezaji wa wakati, na kwa kweli ulikuwa. Lakini mikono ikiwa na kazi ya kijinga, mdomo unakuwa huru. Nilijua habari zote za Mwajuma kwenye kile kinamasi. Kwamba anataka kuondoka. Kwamba anaogopa kumwambia baba yake, ambaye hakuwahi kumkatalia kitu. Nami nilimweleza mambo ambayo hata padri sijamwambia.

Kisha maji yakaja kwetu Gatumba.

Mto ulipanda mpaka madirishani. Tulihama na magodoro kichwani, tukakaa kwa shangazi, huko Kinama, watu wengi chumba kimoja. Nani angefikiria nguruwe wa kwenye kioo? Miezi ikapita. Niliporudi saiba, wenzetu wote walikuwa wamepaa. Mwajuma alikuwa na mabawa ya shaba na upanga mrefu kuliko yeye. Alikuwa wa juu kuliko wote, watu wanakuja kusimama nyuma ya kiti chake kumtazama. Na ule mchezo ulikuwa na sheria yake: ukiachwa mbali sana, huwezi kwenda na wenzako. Milango yao haikufungukii, na ukijipenyeza, unakufa kwa pigo moja.

Nilimwambia, "Muende. Mi nitawafuata." Nikijua sitawafikia kamwe.

Mwajuma alifunga dirisha lake la mchezo. Akalifungua tena, akaandika jina jipya, na kwenye kioo akatokea msichana mwenye fimbo na shati lililochanika.

"Mwajuma, una wazimu? Na mabawa yako?"

"Yatabaki pale. Sogea, nguruwe huyu ni wangu."

Wavulana walimcheka wiki nzima. Hakurudi kwa yule shujaa wake tena, mpaka saiba ikafungwa, mpaka akaondoka. Watu wamenipa zawadi nyingi maishani, lakini hakuna aliyewahi kushuka kutoka juu namna ile ili akae na mimi.

Kwa hiyo nilipougundua mchezo ninaocheza sasa, yeye ndiye niliyemfikiria kwanza. Huu hauna ngazi. Ukiingia siku ya kwanza una nguvu sawa na aliyeanza miaka iliyopita. Hupandi, unatanuka: unajifunza kuvua, kushona, kupika, kupanda farasi, kufungua njia za milimani. Mkongwe ana vitu vingi kuliko wewe, lakini hana nguvu kuliko wewe. Nilijiambia, hiki ndicho tulichokosa. Maji yakikuchukua, ukirudi unakuta nafasi yako imekungoja.

Leo akaingia. Sauti yake kwenye vifaa vya masikioni ilikuwa karibu kama yuko kitandani pangu.

"Espe, niko wapi? Nani namuua?"

"Hakuna. Tunatembea."

"Ngoja kwanza. Nivo inapanda namna gani?"

"Haipandi. We na mi tuko sawasawa."

"Eh. Sasa tunafanya nini?"

Nikamtembeza. Nilimwonyesha maporomoko ya maji, soko la vitambaa, daraja la kamba. Nilikuwa nimepanga njia nzima tangu jana. Yeye akasema, "Ni muzuri," kwa ile sauti ya mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kila mahali palikuwa na kitu kipya cha kutazama, kwa hiyo tulitazama. Nikaanza kuogopa. Niliona tutamaliza dunia yote hii nzuri, kisha atasema kazi inamwita.

Tukafika ufukweni. Kulikuwa na kaa wadogo wanatembea mchangani.

"Hawa wanakufa?"

"Wanakufa, lakini hawakupi kitu. Hata kidogo."

"Sawa tu."

Akaanza kuwapiga. Mmoja, anangoja, mwingine, anangoja. Nikasimama kando yake, nikapiga na mimi. Sijui ni muda gani ulipita. Nje mvua ilikuwa inaendelea.

"Espe."

"Mm."

"Siku ile, kwetu uani. Nani alipika?"

Nikamwambia. Shangazi yake Zaituni ndiye aliyepika, akigombana na kuni zilizolowa. Nikamwambia mafundi wa gereji walikuja wote na nguo zao za kazi, na walipolibeba jeneza walikataa kupokezana na watu wengine mpaka kona ya msikiti. Nikamwambia wenye maduka ya vipuri walifunga, mtaa mzima, na mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia Buyenzi bila nyundo.

Msichana wake kwenye kioo alikuwa amesimama. Kaa walikuwa wanamuuma miguuni na yeye hajali. Nikamsikia analia, kilio kirefu, cha mtu aliyekibeba kwa wiki nyingi akiwalisha wazee wa watu wengine.

"Kila mutu ananiambia pole," alisema. "Hakuna mutu ananielezea."

Nami nikalia. Kumbe hakutaka nitafute neno. Alitaka habari.

Aliuliza mengi, nikajibu niliyoyajua. Mwisho akauliza baba yake alisema nini asubuhi ile, kabla.

"Sijui, Mwajuma. Mama yako ndiye alikuwa naye."

"Mi naogopa kumuuliza. Ataanza kulia, na mi niko mbali."

"Nitamuuliza mimi."

Akasema, "Umuulize polepole."

Huo mchezo mpya bado naupenda, na sitarudi kwenye mstari wa kijani. Lakini leo nimejiuliza kama tulipokuwa tunahesabu nivo tulikuwa tunajua hasa tunachokusanya.

Kesho nikitoka kazini sipiti nyumbani. Nakwenda moja kwa moja Buyenzi, kwa Mama Mwajuma. Nitamsaidia kuchambua mchele, nitakaa naye jikoni mpaka aanze mwenyewe.