Hamira Inayotembea

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia juu ya meza ya kupigia pasi hapa kwa dobi ninapofanya kazi, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe na wakati huohuo nimejaa hofu.

Mimi na mume wangu tunaishi kwa mama yake. Baba mkwe, aliyekuwa fundi saa, alifariki mwaka jana akaacha matangi mawili ya kioo, moja la samaki dume mwekundu na jingine la jike lake, maana samaki wa aina hii ukiwaweka pamoja siku zote wanararuana, na mama mkwe akasema hao ndio waliobaki wa mkono wa mzee na wameshazeeka, kwa hiyo lazima wazae kabla hawajafa. Wakazaa, mshauri. Vitoto vidogo kama nukta ya kalamu, tukavipa chakula cha unga cha dukani, havikukigusa, vikaisha vyote ndani ya siku nne. Nikamuuliza mteja wetu mmoja, mwalimu wa sayansi, akanieleza kwamba vitoto vile havili kitu kisichojongea, vinataka minyoo hai, myembamba kuliko uzi, inayofugwa kwenye uji mzito wa shayiri wenye hamira kidogo, akaniletea kijiko kimoja cha kuanzia ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka.

Sasa umjue mama mkwe. Amesimamia jiko la hospitali miaka ishirini na mitano, na akiona unywele mmoja kwenye sufuria, sufuria nzima inamwagwa. Nikalificha kopo langu nyuma ya pakiti za unga, akalikuta, akadhani ni uji uliochacha, akaumwaga na kulisugua kopo kwa maji ya moto, na uzao wa pili nao ukafa njaa. Alisimama mbele ya tangi akasema, "Hata hawa wamekataa kubaki na mimi."

Samaki walipozaa mara ya tatu nikaomba kijiko kingine, safari hii nikaliweka kopo waziwazi kabatini. Akanibana.

"Hii nini?"

"Hamira, mama. Ya samaki."

"Mbona inatembea?"

"Inaumuka, mama."

Akanitazama, akaenda zake, nikajua nimeponea chupuchupu. Tangu hapo mambo yakanyooka ajabu. Akajitwika kazi ya kulisha yeye mwenyewe, kila asubuhi anapangusa ukingo wa kopo, inakopanda minyoo, kwa kijiko na kukichovya kwenye tangi, kijiko chenyewe akakifunga uzi mwekundu kwenye mpini, na kopo akalihamishia dirishani sebuleni karibu na samaki, akidai jikoni kuna joto. Siku moja akatoa lenzi ya baba mkwe, ile ya kutazamia matumbo ya saa, akaitia jichoni avione vitoto, akakaa nayo pale dirishani mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake nilipokuwa navaa viatu niende kazini akasema, "Mwanangu, hamira yako ina njaa, iongezee uji." Mwanangu! Miaka minne amekuwa akiniita "bibie", bibie pitisha chumvi, bibie funga mlango. Nilitoka nje na kiatu kimoja nikalia barabarani kama mtoto.

Na vimeishi, mshauri! Vitoto sitini na kimoja, nimevihesabu mara tatu, vina wiki tano na vimeanza kuingia wekundu wa baba yao. Mama mkwe anaimba akiosha vyombo. Lakini Jumamosi amewaalika dada zake watatu waje kuona, na ameniagiza niandae makopo matatu ya "ile hamira" wapewe zawadi, na mmoja wao, mama mdogo wa mume wangu, kazi yake ni kuoka mikate. Mume wangu anacheka tu na kusema ninyamaze. Nikisema, mama atajua kwamba nimemshikisha minyoo wiki tano, nami nitarudi kuwa bibie. Nikinyamaza, nawaza ile mikate. Nifanyeje?

Ni mimi, mfuga minyoo mwoga.

*

Mfuga minyoo, kwanza hongera, tena ya dhati. Wapo wenye matangi makubwa kama kabati la nguo ambao hawajawahi kuvusha hata kitoto kimoja.

Sasa kaa sawa nikuseme. Kopo la kwanza lilimwagwa kwa sababu ulilificha. Uzao ule uliuawa na ukimya wako, usiusingizie usafi wa mtu. Na huyo mumeo mwambie kucheka si ushauri.

Halafu isome tena barua yako, maana umeandika kila kitu na hukuona hata kimoja. Mwanamke aliyesimamia jiko la hospitali robo karne haijui hamira? Kijiko alikifunga uzi kisije kikarudi kwenye vyombo vya kulia. Kopo alilihamisha kwa sababu hataki minyoo ikae na unga wake, na hilo joto la jikoni ni uongo. Anaongopa vizuri kuliko wewe. Ile siku ya lenzi, vitoto alivitazama dakika mbili. Chai ilipoa akitazama kopo. Na kesho yake akakwambia hamira ina njaa. Tangu lini hamira ikawa na njaa, binti? Wewe ulisikia neno la kwanza, ukakimbilia nje na kiatu kimoja, hukusikia yaliyofuata.

Unaogopa akijua ataacha kukuita mwanangu. Alianza kukuita hivyo alipojua. Aliona kwa lenzi ya mumewe kwamba bibie wake anafuga minyoo ndani ya nyumba ile safi, huku akiogopa, ili samaki wa mzee wasiishe. Hajakwambia kwa sababu hataki kukuaibisha, au anafurahia kukuona ukitokwa jasho. Mimi ningefurahia.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujaenda kupiga pasi, nenda dirishani, mpe lenzi mkononi na useme, "Mama, ni minyoo. Nisamehe." Akijifanya kushtuka, mwache ashtuke, ana haki hiyo. Mwombe aandike yeye mwenyewe kwenye makopo yote matatu, kwa herufi kubwa, MINYOO YA SAMAKI, na kopo la mwoka mikate liandikwe pande zote mbili. La nne libaki nyumbani kama akiba, ili lile la dirishani likiharibika msianze upya.

Jumamosi wageni wakiingia, usijifiche jikoni. Kaa sebuleni, karibu naye. Umesema vitoto ni sitini na kimoja. Hesabu tena, binti. Mama huyo amepata sitini na viwili.