Sauti ya Mama Kutoka Muscat

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mguu wa Baba uwe umepungua uvimbe. Sisi huku Mlandizi hatujambo, ila mimi sijatulia, na jambo lenyewe nimeshindwa kukuambia kwa simu.

Unamkumbuka Bwana Kondo, aliyeoa hapo Chole tukiwa wadogo, kisha akaenda kufanya kazi Muscat? Anao mkanda wa video wa harusi yake, na Mama ndiye aliyeongoza nyimbo. Ameugeuza kuwa faili la kompyuta. Ni kubwa mno, halipiti kwa simu, hivyo akaniambia nilivute moja kwa moja kutoka kompyuta yake. Ila alikuwa anahama nyumba ya kampuni wiki hiyo, na huko aendako hajui atapata mtandao lini.

Faili likawa linasota. Linasogea kidogo, linasimama. Nikawa naingia ndani, natoka, narudi kuchungulia. Mke wangu Rehema akasema, "Shabani, kaa basi. Unanitia kizunguzungu."

Nikampigia Kondo. Akanieleza kwamba ruta yangu, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani, na ya kwake, zote zimefunga milango, kwa hiyo kompyuta zetu hazifikiani vizuri. "Hii ya kampuni siruhusiwi kuigusa," akasema. "Fungua ya kwako."

Mara ya kwanza nikavuruga, mtandao wote ukakatika. Nikaanza upya. Nikaunganisha kompyuta kwa waya, nikaipa anwani isiyobadilika ili ruta isiipoteze, nikafungua mlango mmoja tu kwa ajili ya kazi ile. Nilipowasha, faili likaanza kushuka mbio. Kondo alikuwa anafunga mizigo lilipokamilika.

Dada, Mama yumo. Katikati ya wimbo mtoto analia. Mama anakatisha, anasema, "Nipeni Idi wangu." Anampakata, anaendelea kuimba taratibu huku akimpigapiga mgongoni, na wenzake wote wanashusha sauti wamfuate.

Mdogo wetu Idi hajui sauti ya Mama, aliyetutoka yeye akiwa bado ananyonya. Akikuuliza ilikuwaje, huwa unainuka unakwenda jikoni. Rehema anasema nimpelekee. Mimi naogopa kumwamshia mtu mzima, mwenye wanawe, msiba aliokwisha kuuzoea. Kumficha naogopa zaidi. Nimeliweka faili kwenye flashi, ipo mfukoni, kila mara naipapasa.

Nampa barua hii dereva anayefuata mihogo huko. Mfikishie Baba shikamoo yangu, na shangazi yetu muuza vitumbua. Mke wa Idi na watoto wasalimie sana.

Idi mwenyewe mwambie nakuja Jumamosi. Akiuliza nafuata nini, mwambie hujui. Au mwambie tu, dada. Wewe ndiye uliyemlea.

Mdogo wako,
Shabani