Chungu Ndani ya Gunia

3 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nina hasira. Leo mhadhiri ametuambia kwamba waunga mifupa wa kienyeji wanabahatisha. Nikasimama. Nikamwuliza: anabahatishaje mtu aliyeunga mikono ya watu kwa miaka arobaini, na mikono hiyo ikarudi kushika jembe? Ukumbi mzima ulipiga makofi. Tunakusanya saini ili elimu yako ifundishwe hapa chuoni, kwa haki, si kwa hisani.

Mjukuu wako

20 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Goti linanikumbusha umri, mengine salama. Makofi nimeyasikia hadi huku. Lakini wewe mwenyewe huwezi kuunga hata mguu wa kuku. Mama alinifundisha hivi: alivunja chungu ndani ya gunia, akafunga kamba, nami nikavipanga vipande kwa kupapasa kwa nje, hadi chungu kikasimama. Miezi mitatu. Nimekuvunjia chako. Njoo likizo hii. Mikono yangu imeanza kutetemeka, na kazi hii haiandikiki.

Mkeo mzee, Bibi

11 Aprili

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa mikono. Likizo hii siji. Baraza la kitivo linakaa, na nisipokuwapo hoja yetu itazikwa. Wamekufuta vitabuni, nitawalazimisha wakuandike. Nivumilie hadi Juni.

Mjukuu wako

2 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Sijafutwa, nipo. Jana waliniletea fundi aliyeanguka kutoka paani. Nimemrudisha bila kumwunga, vidole havikunisikiliza. Gunia liko chini ya kitanda. Saini ziache huko, njoo na mikono.

Bibi

28 Juni

Bibi,

Sijui nikuamkie vipi. Wamekubali. Barua ya kitivo ilifika Jumatatu: saa moja kila wiki, wewe mwalimu, mimi msaidizi wako. Jumanne shangazi akapiga simu. Tumekuzika Jumatano.

Sasa kitivo kinauliza kama msaidizi ataweza kufundisha peke yake.

Nimekaa kitandani kwako, gunia mapajani. Tangu asubuhi napapasa. Vipande viwili vinakaribia kukutana, nikivibana, vinateleza. Shangazi amechungulia mlangoni. "Baba, si ufungue tu uone?"

Nilikuwa na hotuba kwa kila swali, Bibi. Kitivo nimekijibu kwa neno moja: hapana.

Kamba sijaifungua.

Mumeo