Salamu Kutoka Nyuma ya Mstari Mwekundu

Ggaba, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, mulembe sana. Nakusalimu wewe kwanza, kisha nasalimu miguu yako, maana ndiyo iliyokuwa ikilalamika mara ya mwisho kabla simu haijakatika. Je, uvimbe umepungua? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeiweka kabatini pamoja na sahani za wageni? Na mvua imefika, au bado inaishia kwa jirani? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo kwa sababu ya matoke, chakula ambacho hapa huwezi kukikataa bila kuonekana umetukana ukoo mzima.

Mama Mchungaji, najua ni wewe unayemsomea. Asante kwa macho yako. Nakuomba usizigeuze karatasi hizi kabla hujafika mwisho. Upande wa pili pameandikwa habari za kuacha kazi, na sitaki Mama ashtuke akadhani ni mimi. Nitaeleza.

Mama, safari hii sikuletei kilio. Nakuletea ushindi, na ushindi wenyewe tuliupata bila mimi kuvuka mstari.

Unajua kazi yangu hospitalini ni kusukuma wagonjwa kwa troli. Nawatoa wodini, nawapandisha ule mteremko wa saruji, nawafikisha thieta, yaani chumba cha upasuaji. Kizingitini pamepakwa mstari mwekundu. Huku ni viatu vya kila mtu, kule ni viatu safi na watu waliosoma. Miaka minne sijauvuka hata kwa kidole. Lakini macho hayavai viatu. Mlango una kioo cha duara, upana wa sahani, na mtu wa darasa la nane akisimama penye kioo miaka minne anajifunza mengi bila kuombwa karo.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba kelele ni kama maji, hushuka. Daktari Ssali, mpasuaji wetu mkubwa, alikuwa akimkaripia Sista Getu, msimamizi wa thieta. Sista Getu akimaliza kukaripiwa, anamgeukia Nakato, nesi kijana wa kupokeza vifaa. Nakato hana wa kumkaripia, kwa hiyo alikuwa akilia chooni. Na mimi, nikisemwa kwa kuchelewa, nilikuwa naikaripia troli. Troli tu ndiyo haikuwa na mdogo wake, na nadhani ndiyo sababu gurudumu lake moja hulia njia nzima.

Usifikiri Daktari ni mtu mbaya wa kuchoma nyumba. Mikono yake ni ya ajabu. Watu walioingia kwa kubebwa wametoka wakitembea. Ila mdomo wake, Mama! Siku moja Nakato alimuuliza kama alitaka uzi mnene au mwembamba. Akamjibu kwa Kiingereza, nami nakupa kwa Kiswahili, ingawa matusi yakihama lugha hupungua chumvi: "Vyombo vyangu havizungumzi. Na wewe humu ndani ni chombo. Umewahi kusikia mkasi ukiuliza swali?" Watu wakacheka. Hapakuwa na la kuchekesha, walicheka kwa kuwa si wao. Tangu siku hiyo thieta ikawa kimya kama kanisa lisilo na waumini, na Daktari akadhani ule ukimya ni heshima.

Nakato alikuja kwangu na karatasi. Hospitalini wanajua mwandiko wangu ni mzuri, na watu huniletea barua za kuomba ruhusa, za posa, hata za kumwomba mwenye nyumba avumilie. Akasema, "Kaka Wafula, nisomee hii kabla sijaipeleka kwa Matroni, mkuu wetu sisi manesi. Naacha kazi."

Nikaisoma. Ilikuwa barua nzuri, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Binti huyu nimeona anavyomshika mgonjwa mkono kabla ya sindano. Mtu kama yule akiondoka, wanaobaki ni wenye ngozi ngumu, na mgonjwa hahitaji ngozi ngumu. Basi nikafanya hila, Mama, unisamehe. Nikamwambia, "Hapa panakosekana koma. Matroni ni mkali wa koma. Andika upya."

Akaandika upya. Wiki iliyofuata nikaona tarehe imekaa vibaya. Wiki ya tatu nikamwambia pambizo ni jembamba. Ya nne akanitazama sana. "Kaka, wewe koma unazitoa wapi?" Nikamwambia nimejifunza mwenyewe. Hiyo ilikuwa kweli. Karatasi zote zikabaki mfukoni mwangu, nakala nne, kila moja ndefu kuliko ya kabla, maana mtu aliyenyamazishwa akipata kalamu hana breki.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nikatumwa wodini kumchukua Mzee Ramadhani, Mnubi wa Bombo, aliyeendesha malori ya jeshi mpaka akastaafu. Mzee wa maneno. Nami nina desturi ya kuzungumza na mgonjwa njia nzima, maana anayelala chali akisukumwa haoni kitu ila dari, na dari yetu haipendezi. Nikampa salamu ya dini yake, akafurahi kama nimemletea kahawa. Kwenye mteremko nikamuuliza anakwenda kutengenezwa nini.

"Goti," akasema, akilipiga la kushoto kofi. "Hii ya kushoto ndiyo adui. Jeki iliteleza, lori ikakaa juu yake. Hii ya kulia ni mzee tu kama mimi, wacha yeye."

Nikamfikisha mstarini, wakampokea. Nikabaki kando ya mlango na troli yangu, kungoja.

Mama, hospitali yoyote ina karatasi ya kusomwa kabla ya kisu: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, upande gani. Yetu inasomwa kwa sauti, kila mtu akisikia. Ilipaswa, yaani. Daktari alikuwa akiona ni kupoteza muda, na Sista Getu, ili asikaripiwe, alikuwa akizitia tiki zote alfajiri akinywa chai, kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Nilimwona mara nyingi. Kalamu yake haikuinuka hata kidogo, utadhani anachora barabara ya kwenda Jinja.

Nikachungulia kwenye kioo. Mzee alikuwa amechomwa ile sindano ya mgongo inayoua miguu na kuacha akili, kwa hiyo alikuwa macho, pazia la kijani limemkinga uso. Mguu umeshapakwa ile dawa ya rangi ya chai. Nikautazama, nikautazama tena. Ulikuwa wa kulia.

Magoti yake yote mawili yalikuwa yamevimba, ungeweza kukosea hata wewe. Na ubaoni mtu anayeandika orodha ya wagonjwa alikuwa ameandika "kulia". Nikamtafuta Nakato. Macho yake yalikuwa juu ya barakoa, yakitoka kwenye goti, yakija kwangu, yakirudi kwenye goti. Alikuwa anajua! Baadaye alinieleza kwamba alilisoma faili, akamwambia Sista Getu, na Sista akamuuliza, "Siku hizi wewe ndiye daktari?" Ndiyo maana amesimama pale, kisu kiko mkononi mwake, na Daktari amenyoosha kiganja bila hata kumtazama.

Nitakuambia ukweli, nusura nigeuze troli niondoke. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza mtu wa troli ni nani kumfundisha daktari kulia na kushoto. Halafu nikakumbuka kitu ulichotufundisha, kwamba hakuna mtu mdogo kiasi cha kukatazwa kusalimu. Nikausukuma mlango kwa mkono, vidole vya miguu nikaviacha nyuma ya mstari, nikaita kwa sauti ya kuuza samaki:

"Salaam aleikum, Mzee Ramadhani!"

Watu wote wakaruka. Na nyuma ya pazia, kwa kuwa Mwislamu hawezi kuiacha salamu ikining'inia, hata kama nusu yake imekufa ganzi, ikaja sauti: "Waleikum salaam, mwana wangu! Wewe iko bado?"

"Nipo, Mzee. Nimesahau kitu. Ile jeki ilikuangukia goti gani?"

"Ya kushoto! Si nilikuambia? Ya kulia wacha yeye!"

Daktari Ssali akageuka polepole. "Nani huyo?" akauliza, nami nikajua mwezi huo nitarudi nyumbani kupanda mahindi.

Hapo ndipo Nakato aliposema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Faili linasema kushoto, Daktari. Nililisoma asubuhi."

"Ulijua? Na ulikuwa unanipa kisu?"

"Ulisema vyombo havizungumzi, Daktari."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayerudisha bakuli la jirani. Na Mzee, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaongeza kutoka nyuma ya pazia: "Daktari, mimi dereva miaka mingi. Taniboi, utingo ya lori, akiona shimo, lazima yeye piga bodi. Kama unatukana yeye kila siku, siku ya shimo yeye nanyamaza, wote nakufa."

Daktari akaketi kwenye kigoda. Mikono aliiweka juu hewani, isichafuke, kama mtu aliyekamatwa na askari. Akaomba faili. Akalisoma mwenyewe, akatazama na picha ya mifupa. Kisha akasema, "Tunaanza upya," na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongeza, "tafadhali."

Goti la kushoto lilitengenezwa vizuri. Mimi nilikwenda kuosha kikombe changu cha chai na kukifunga kwenye gazeti, tayari kwa safari.

Kesho yake Matroni akatuita wote. Matroni wetu ni mama mrefu wa kaskazini, anayezungumza polepole mpaka unaanza kukiri mambo ambayo hujaulizwa. Aliweka mezani zile karatasi za tiki za wiki nzima, kila moja na barabara yake ya Jinja. Sista Getu akaanza kulia. Akasema, "Nilikuwa naogopa." Mtu ambaye sote tulimwogopa alikuwa anaogopa! Nilitaka kumcheka, Mama, nilikuwa nimejiandaa, lakini kicheko hakikuja.

Kisha Daktari akasimama. Akasema, "Mimi nilifundishwa kazi hii kwa kutukanwa. Nikadhani matusi ndiyo somo lenyewe. Jana nusura nimpasue mzee wa watu goti lisilo lenyewe kwa sababu mtu aliyejua ukweli alikuwa ananiogopa mimi kuliko kosa." Akamgeukia Nakato mbele yetu wote. "Nimekukosea. Si jana tu."

Siku hiyo tulitunga utaratibu. Karatasi inasomwa kwa sauti, mgonjwa akiwa macho anaulizwa yeye mwenyewe, na kabla ya kisu kila mtu anataja jina na kazi yake, kuanzia mdogo. Mdogo ni mimi, kwa hiyo mlango unafunguliwa na mimi ndiye ninayefungua mkutano, nimesimama palepale mstarini. Na yeyote akisema "simama kidogo", kisu kinasimama, na hakuna ruhusa ya kumuuliza wewe ni nani.

Siku ya kwanza nikasema, "Naitwa Wafula, nasukuma troli." Daktari akanitazama. "Miaka minne," akasema, "na sikujua jina lako." Nikamjibu, "Si neno, Daktari. Hata 'wewe' nilikuwa naitika."

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Sikuambii amekuwa malaika. Wiki jana taa ilizimika, akanguruma. Nakato akasema tu, "Daktari, simama kidogo." Akasimama. Akatoka nje, akasimama nami karibu na troli, akahema, akarudi ndani na kusema samahani. Sista Getu siku hizi anasoma karatasi mstari kwa mstari, na Nakato akikosea humwita pembeni. Watu wanauliza maswali mpaka thieta ina kelele. Mzee Ramadhani alirudi kukaguliwa, akatembea koridoni kama yuko kwenye gwaride. Na hapa kwa Waganda ukimkuta mtu kazini unamshukuru kwa kazi yake, unamwambia "gyebaleko". Juzi Daktari alipita mbele yangu asubuhi, akasimama, akasema, "Gyebaleko, Wafula." Nikaitika, Mama, kisha nikaisukuma troli tupu koridoni hadi mwisho.

Jana nilimrudishia Nakato zile nakala nne za kuacha kazi. Akazisoma zote, akacheka kwenye koma. Akasema, "Karatasi safi upande mmoja. Mwandikie mama yako, zisiharibike." Ndizo hizo mlizo nazo mkononi.

Mtu wa basi la kwenda Bungoma atakuletea barua hii pamoja na fungu la mukene, wale samaki wadogo wa hapa Ggaba, na sabuni za soko la Kikuubo. Nisalimie shangazi mwenye mbuzi wasiosikia, na shemeji fundi baiskeli, umwambie gurudumu la troli linamhitaji. Nisalimie kaka mkubwa, mwalimu wa darasa la tatu, umuulize kwa upole kama fimbo bado iko mezani. Mama Mchungaji, wewe ujisalimie mwenyewe kwa niaba yangu.

Sasa mnaweza kugeuza. Mtaona mahali pa sahihi ni patupu kwenye zote nne. Ndipo ushindi ulipo, msipajaze.

Ni mimi mwanao asiyevuka mstari,
Wafula wa troli