Pedali ya Kushoto

Jumatatu, 6 Machi

Bwana Wibisono kapiga simu tena kutoka Jakarta. Anaitaka pikipiki yetu ya BSA. Nimemsikia Togar akimjibu, "Tutaona, bwana, tutaona." Togar huyuhuyu, mume wangu, ambaye mwaka juzi alimfukuza mnunuzi kwa fagio!

Tangu wamkate mguu wa kulia chini ya goti, sijamwona akiulilia mguu. Anachokililia ni gia. Pikipiki hizi kuukuu za Kiingereza gia iko kulia, breki kushoto, na mguu wa bandia hausikii gia hata uubembeleze. Miaka yote hiyo amewabeba abiria wa mji wetu wa Siantar kwenye kigari cha ubavuni kushoto, na baba yake kabla yake. Sasa anaipangusa vumbi tu, kisha anakaa.

Jioni akaja kaka Marihot. Akaizunguka BSA, akachuchumaa, akaguna. Akasema gia ihamie kushoto, breki ije kulia, pedali atazichonga mwenyewe. Togar akamwambia asijisumbue. "Nimekuuliza?" kaka akasema. Basi, yameisha!

Jumatano, 8 Machi

Nimepeleka nyama ya nguruwe karakana kwa kaka, kama inavyompasa dada mwenye shida yake. Nilisema nitakaa kidogo. Nimekaa mpaka mchana.

Jamani, yule mtu! Kapata ekseli ya lori lililokufa, chuma kigumu mpaka kisu cha kwanza cha mashine kikakatika. Akacheka, akanoa kingine. Mashine ya kukereza ni ileile ya marehemu baba, na mlio wake uleule. Chuma kinatoka kimejikunja, cha bluu, kinafuka moshi wa mafuta. Kisha anazima, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, anakunja uso, anawasha tena. Mimi sikuona kasoro yoyote. Ukucha umeiona.

Shafti mpya ya kuhamishia gia inapita chini ya injini, toka kulia hadi kushoto. Akaitia kwenye bushi yake, pete ya shaba ya kuishikilia, kwa kuisukuma na kidole kimoja. Ikaingia taratiiibu, bila nyundo. Nikapiga makofi!

"Hapa si kanisani," kaka akasema.

Mkali kwa watu, mpole kwa chuma. Ndivyo alivyo tangu utoto. Kigari cha ubavuni wamekifungua, kimekaa uani, kuku wa wifi Lamria wamekigeuza nyumba yao.

Ijumaa, 10 Machi

Pedali ya breki imekwisha. Pana, ili mguu wa bandia usiikose, na uso wake umechongwa vijimeno kiatu kisiteleze. Togar kaikanyaga mara nyingi, anatabasamu tu. Miezi mingapi sijaliona tabasamu hilo!

Jumanne, 14 Machi

Imekwisha! Kigari kimefungwa tena, kuku wametoka kwa matusi.

Pedali ya gia nimeishika kabla haijafungwa. Nzito, laini, na ncha yake imepinda kufuata kiatu cha Togar. Kaka alimvua kiatu akakiweka mezani siku nzima akichonga! Nilitamani kuiweka kabatini na vyombo vya wageni.

Togar akapanda. Akaenda peke yake mpaka sokoni na kurudi. Nilisimama barabarani nikisikiliza gia — ya kwanza, ya pili, ya tatu — na ya nne alipofika kwenye mteremko! Madereva wenzake wakapiga honi. "Mzee kafufuka!" Nililia, sioni haya.

Kisha kaka na wifi wakaleta samaki mzima wa baraka, ambaye kwetu Wabatak ndugu wa mke humletea mume, kichwa kimemwelekea Togar. Kaka akasema maneno yote yanayosemwa, na mwisho akasema, "Upande ukiwa mzima, ushuke ukiwa mzima." Togar akampokea samaki kwa mikono miwili. Akampigia Bwana Wibisono kumwambia asahau.

Alhamisi, 16 Machi

Kuna jambo.

Togar kanichukua sokoni na magunia mawili ya viazi. Gia ya kwanza njia nzima! Injini inapiga kelele, baiskeli zinatupita. Nikamwambia weka ya pili. Akasema, "Leo nataka twende polepole, mke wangu." Polepole! Mtu ambaye siku ya harusi yetu alinipotezea shela kwa mwendo!

Nikamtazama mguu. Gia ya kwanza huinuliwa, nyingine hukanyagwa; anakanyaga, ncha ya pedali inagonga ubao wa kigari, haishuki zaidi. Tulipofika nikateremsha magunia, nikateremka. Kigari kikainuka kwenye springi zake. Nafasi ikarudi.

Kumbe! Kaka alipima pikipiki uani kwake, kigari kimekaliwa na kuku. Hakuna aliyekumbuka kwamba kigari chenye watu kinazama.

Ijumaa, 17 Machi

Tumegombana. Nimemwambia: vidole viwili tu vya chuma! Mwambie kaka aikate, ipone.

"Nimkosoe kaka yako?"

"Si kumkosoa. Ni kumwambia."

"Nimeshapokea samaki, Rosmida. Kashanibariki. Niende kumwambia baraka yako inagonga ubao?"

Wanaume wa Kibatak! Mbele ya kaka wa mke wanageuka watoto wa shule ya Jumapili. Nikasema basi nitakwenda mimi. Akanikatalia kabisa, akasema nitamvua nguo mbele ya shemeji yake.

Mchana kampigia Bwana Wibisono. Aje Jumapili. Anauza pikipiki ya baba yake ili kaka yangu asione aibu! Nina hasira naye. Na bado — nani mwingine angefanya hivyo? Mjinga wangu huyu.

Nilikatazwa kusema. Sikukatazwa kualika.

Jumapili, 19 Machi

Baada ya ibada nikamwambia kaka, mbele ya watu, kwamba shemeji yake anaomba heshima ya kumpeleka nyumbani kwetu kula. Togar akanitazama kwa jicho! Lakini angekataaje?

Kaka ni mtu wa mwili. Wifi Lamria ni mtu wa mwili zaidi. Kigari kikashuka kikiguna. Mimi nyuma ya Togar. Gia ya kwanza, kutoka kanisani, mbele ya mji mzima.

"Togar, umebeba maiti?" madereva wakapiga kelele.

Kaka akasema, "Tia ya pili."

"Leo Jumapili, shemeji, hatuna haraka."

"Tia ya pili!"

Togar akakanyaga. Ko! Kaka akainama, akaangalia. Ko! Tukafika nyumbani. Kaka akashuka, akamwambia mkewe akae tena, ainuke tena. Wifi akakaa, akainuka, akilalamika. Kaka akawa anautazama ubao unashuka, unapanda.

"Tangu lini?"

"Pedali ni nzuri sana, shemeji."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu abiria wa kwanza."

Masikio ya kaka yakawa mekundu. Bwana Wibisono akatokea mlangoni, alikuwa amefika mapema na viatu vyake vinavyong'aa. Kaka akamuuliza yeye nani. Akamjibu kwamba ni mnunuzi wa pikipiki. Kaka akamgeukia Togar. Akaenda kuchukua msumeno wa chuma wa Togar, akaweka alama ya chaki kwenye pedali, vidole viwili kutoka kwenye ncha. Akampa msumeno.

"Kata."

"Siwezi, shemeji. Ni kazi ya mkono wako."

"Mdomo wako umeshindwa. Mkono wako ujaribu."

Nimekimbilia jikoni. Ninaandika nimesimama. Bwana Wibisono yuko sebuleni, anauliza kama arudi kesho. Nimemwambia anywe kahawa.

Dirishani nawaona wote wawili. Kaka mikono nyuma. Togar kapiga goti moja, meno ya msumeno yako juu ya chaki. Hajakata. Ile ncha nzuri! Hata mimi naionea huruma.

Msumeno huo — krrr! Mara moja. Umenyamaza. Togar kainua macho.

Kaka kachuchumaa, kaishika pedali isicheze.

Krrr. Krrr —