Mchemsho wa Jumatano

Madrid, 7 Septemba 1998

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje, na ile dawa unaimeza au unaificha? Huku sote wazima, ila mimi roho haijatulia.

Porota jirani yako ameniandikia. Anasema kila Jumatano unaonekana kwenye mkahawa wa Ferruccio, umekaa dirishani na don Anselmo, yule fundi saa aliyefiwa na mkewe, mnapakuliana chakula kutoka bakuli moja. Mama! Baba ana miaka miwili tu kaburini, na pale palikuwa pake. Wewe una miaka sabini na moja. Ukitaka kula na mtu, mpikie nyumbani, watu wasione. La sivyo, Desemba sitakuja. Sitaki kupita mtaani huku nachekwa.

Mwanao,
Mirta

Rosario, 19 Septemba

Mirta mwanangu,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Goti linauma, dawa naificha.

Alichokuambia Porota ni kweli tupu. Amesahau tu kukuambia kwamba mchemsho ulikuwa mtamu.

Ngoja nikueleze ilivyoanza. Jumatano Ferruccio hupika mchemsho: mfupa wenye uboho, mahindi, kabichi, soseji. Anaupakua kwa watu wawili, basi. Nusu hauzi hata ukimlilia. Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu, akaniambia, "Doña Nélida, huo ni wa wawili. Nikukaangie yai?" Yai! Yaani nimevaa, nimechana nywele, nimetembea na goti hili, nikale yai! Meza ya pili Anselmo naye alikuwa analikodolea macho yai lake. Akasema, "Mama, mimi na wewe tukijumlishwa, si tunapata mchemsho?" Nikahamisha kiti.

Kumpikia nyumbani sitaki. Nimepika vya kutosha. Na dirisha nililichagua mwenyewe.

Mama yako

Rosario, 29 Oktoba

Mirta,

Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Wiki zaidi ya tano hujajibu, na tarishi sasa akiniona anavuka barabara.

Unasema pale palikuwa pa baba yako. Sawa. Kwa miaka arobaini na minne alikwenda kila Jumatano na wenzake, na mimi hakunipeleka hata mara moja. Nikimwomba, ananiambia, "Kwani jikoni hakuna chakula?" Kilikuwepo, kwa sababu nilikipika mimi, na nilikuwa nakila nimesimama, mkono mmoja nakulisha wewe. Nilimpenda Osvaldo. Nilimzika vizuri na maua nampelekea mpaka leo. Lakini sikuzikwa naye.

Jana nilikwenda tena, na rangi ya mdomo nikapaka. Usipokuja Desemba nitalia sana, sikufichi. Halafu Jumatano ikifika nitanawa uso, niende.

Mama yako

Madrid, 20 Novemba

Mama,

Salamu, na wajukuu zako wanakubusu. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilidhani hupendi kula nje. Maisha yangu yote nilidhani hivyo, na sikuwahi kukuuliza. Nisamehe.

Aibu kidogo bado ninayo, na huyo mzee wako usinilazimishe kumwita baba. Lakini Porota nimemwandikia ashone pazia la dirisha lake, alifunge.

Nakuja. Nitashuka Buenos Aires, na basi litanifikisha Rosario tarehe 23 Desemba, saa tatu usiku. Utakuja kunipokea kituoni?

Mwanao,
Mirta

Rosario, 2 Desemba

Mirta wangu,

Sisi wazima, na mimi zaidi. Nimelia kwa furaha mpaka Anselmo akadhani kuna msiba. Mwite Anselmo tu, hana makuu. Kitanda chako nimeshakitandika, shuka zile nyeupe.

Ila nimeangalia kalenda. Tarehe 23 ni Jumatano, na saa tatu ndiyo Ferruccio anapakua. Nakupenda kuliko macho yangu, mwanangu. Chukua teksi.

Mama yako